Alama ya Penseli kwenye Ndoo

Wifi yangu hakuamini sifa za mdomo. Aliamini ndoo. "Mtu atakwambia chakula kitamu huku anakimwaga," alikuwa akisema, "lakini ndoo haina adabu. Ndoo inasema kweli." Ndoo yenyewe ilikaa karibu na mlango wa kantini yetu, ya plastiki ya bluu, mpini wake umefungwa kwa waya. Kila aliyemaliza kula aliipitia, akakung'utia humo mabaki yake, ndipo akaweka sahani kwenye beseni.

Naandika haya katika daftari tulilokuwa tukiandikia mahitaji ya jiko, kwa sababu kurasa za nyuma zimebaki nyeupe na kwenye za mbele umo mwandiko wake. Imepita miezi saba tangu tumzike. Watu huniuliza habari za siku zake za mwisho, nami sina hamu ya kuzisimulia. Nataka kuandika habari za Ijumaa moja. Siku ile nilimwona amefurahi kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona, na naogopa nikikaa kimya nitaanza kusahau kipande kimoja kimoja.

Tulifanya kazi kwenye kiwanda cha samani chenye mafundi sitini na kitu. Kantini ilikuwa chumba kirefu mwishoni mwa karakana, kimetengwa na mashine kwa ukuta wa mabati, na vumbi la mbao lilipenya hata ukiziba matundu kwa magazeti. Jiko letu lilikula vipande vya mbao vilivyokatika mezani kwa mafundi, kwa hiyo moto haukutusumbua kamwe. Wifi alikuwa mpishi mkuu. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi aliyoniombea mwenyewe nilipoolewa na mdogo wake. Mume wangu ni fundi wa kukereza miguu ya meza na viti, na kiwanda kizima kinamwita Kereza. Mwiko wa wifi, mrefu kama kasia, alimkerezea yeye.

Chakula kilikuja kwa lori kila Jumatatu. Viazi vilivyokatwa huko huko na kugandishwa, soseji, supu ya unga, kabichi zilizoanza kugeuka njano, na maharage makavu ya gunia ambayo sijui yalivunwa enzi za nani. Maharage hayo yalikuwa kokoto. Tuliyaloweka tangu jioni, tukayabandika saa kumi na mbili asubuhi na soda kidogo ya kupikia, na ilipofika saa tatu ndipo yalianza kukubali kubonyea. Hilo lilikuwa somo la kwanza wifi kunifundisha, nami nililishika kama sala.

Mambo yalianza siku muuguzi alipokuja kiwandani na mashine ya kupima presha. Alipomfikia Kereza alimpima, akamtazama, akampima tena. Mara ya tatu aliigonga mashine kwa kidole akidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Akampeleka kituo cha afya, huko akaanzishiwa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, ale mboga na matunda kila siku. Wakati huo mume wangu alikuwa na miaka thelathini na sita.

Wifi aliposikia, alikaa kwenye gunia la mchele. Baba yao alianguka kazini akafa kwa presha akiwa na miaka arobaini na tisa, kijiko kikiwa bado mkononi. Wifi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Kereza mtoto wa tisa. Tangu siku ile ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi, akamwozesha. Kwake yeye Kereza hakuwa mdogo wake tu.

Nyumbani nilibadilisha mapishi siku ile ile. Lakini mchana alikula kazini. Nikamfungia chakula kwenye bakuli la mfuniko. Siku ya kwanza tu alipolifungua, fundi mmoja mwenye mdomo mkubwa, tuliyemwita Randa kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kukwanguliwa, alisimama kabisa kwenye benchi.

"Jamani, mwanafunzi kaja na kiporo! Mama amekuwekea na leso ya kujifutia?"

Karakana ikalipuka kwa kicheko. Siku ya pili bakuli lilirudi nyumbani limejaa.

"Anaona haya kula peke yake?" wifi aliniuliza.

"Anaona haya."

"Basi watakula wote."

Akavua aproni, akaenda ofisini kwa meneja, nami nikamfuata nyuma kama mkia. Meneja alikuwa mtu wa haki lakini si mtu wa maneno mengi. Juu ya meza yake ilikuwa karatasi ya mkataba mpya wa lori, miaka miwili, ikisubiri sahihi siku ya Jumamosi.

"Usitie sahihi," wifi alimwambia. "Kuna mashamba nyuma ya reli, mwendo wa dakika ishirini. Nitanunua kule."

"Dada, watu wangu wanapenda soseji."

"Watu wako wamepimwa presha wiki iliyopita. Umeona majibu?"

Alikuwa ameyaona. Akachukua penseli ya fundi iliyokuwa sikioni mwake, maana naye alianzia kwenye useremala, akatoka nasi mpaka kantini. Akainama kwenye ndoo. Siku ile ilikuwa imejaa kabichi na maharage mpaka nusu, kama siku zote.

"Mimi chakula sikijui," alisema. "Ndoo naijua." Akachora mstari kwa ndani, vidole vinne juu ya kitako. "Ijumaa pika hicho chako cha shambani. Mabaki yasipofika hapa, mkataba nauchana. Yakipita, natia sahihi, na hatutazungumza tena kwa miaka miwili."

"Yasipofika hapo?" niliropoka. "Hata siku ya soseji mabaki hu—"

Wifi alinikanyaga mguu. "Tumekubali," akasema.

Tulipobaki wawili nikamwambia amejitia kitanzi. Akanijibu kwamba maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. "Na acha kulia lia, wifi. Niliolewa na kaka yako au wewe ndiye uliyeolewa na wangu? Basi mwenye kuhangaika ni mimi."

Habari za mashamba tuliletewa na Mama Kuku. Huyu alikuwa mwanamke mfugaji aliyekuja kila jioni na baiskeli kuchukua mabaki ya ndoo akalishe kuku wake. Ndiye aliyetuambia kwamba jirani yake, mwalimu mstaafu, ana maboga yanayoozea shambani kwa kukosa wanunuzi. Jumatano baada ya kazi tukaenda, wifi, mimi na yeye na baiskeli yake.

Nimeyaona mashamba tangu utotoni, lakini sijawahi kwenda shambani na mtu kama wifi yangu siku ile. Tulivuka reli, tukashuka bondeni, na ghafla mbele yetu mistari ya kijani imenyooka kama daftari. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kila tuta lilikuwa na kijiti chenye tarehe ya kupandwa. Wifi aliingia katikati ya matuta akaanza kugusa kila kitu. Aliinama kwenye boga moja zuri akataka kulikata.

"Acha hilo," Mwalimu akamzuia. "Hilo bado liko darasa la tatu."

"Na hili, Mwalimu?"

"Hilo limefaulu. Lichukue."

Kisha Mwalimu aling'oa karoti, akaipangusa udongo kwa kiganja, akampa. Wifi aliing'ata. Akasimama hivyo hivyo, shavu limevimba, macho yamemtoka.

"Wifi, onja."

"Nitaonja nyumbani, tuna haraka."

"Onja nakwambia!" Akanisukumia karoti mdomoni, mbele ya watu. "Miaka ishirini na miwili napika karoti, kumbe sijawahi kuila hata siku moja!"

Ilikuwa tamu kama tunda. Tukaanza kucheka bila sababu, wanawake wanne bondeni, mmoja ameshika baiskeli. Wifi alirukaruka kutoka tuta hadi tuta, mchicha, nyanya, tangawizi, mapapai na malimau kwenye ua. Mchele ulipatikana kwa jirani wa Mwalimu aliyelima sehemu yenye maji. Mayai yakawa ya Mama Kuku. Tulipofika kwenye maharage, maganda yalikuwa yamenona, na ndani yake punje nono zenye madoa mekundu, bichi kabisa. Mwalimu akaahidi kuyamenya kesho yake na kutuletea ndoo mbili.

"Ila mimi nina swali," Mama Kuku alisema tukirudi. "Mkila vyote mkamaliza, kuku wangu watakula nini?"

"Ombea iwe hivyo," wifi alimwambia.

"Niombee kuku wangu wafe na njaa?"

"Omba tu. Mungu anajua kupanga."

Ijumaa alfajiri wifi alinigongea dirisha. "Wewe tangulia. Ukifika bandika maharage. Mimi napitia kwa Mwalimu, nataka mchicha uvunwe umande haujakauka." Akaondoka akikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na sita, gunia tupu begani.

Nilifika, nikawasha moto, nikabandika sufuria kubwa. Maharage yaliteleza humo kama shanga. Saa kumi na mbili kamili. Nikatia soda yangu kidogo. Nikafunika, nikaongeza mbao, nikaanza kukata vitunguu nikiimba. Sikufunua. Wifi alikuwa na sheria kwamba maharage hayafunuliwi kila saa kama mtoto mgonjwa, yaachwe yapate akili yenyewe.

Saa tatu kasorobo aliingia na gunia la mchicha kichwani, sketi imelowa umande mpaka magotini, anameremeta. Akatua mzigo. Akafunua sufuria.

Akainama, akachungulia ndani.

"Wifi," aliniita polepole. "Haya ni maharage au uji wa mtoto?"

Nikaja mbio. Ndani ya sufuria hapakuwa na punje hata moja. Palikuwa na kitu kizito cha rangi ya tope, kinapumua mapovu. Akachovya ncha ya mwiko, akaonja, akatema. Soda ilikuwa imekifanya kinukie sabuni.

"Uliyabandika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Kama siku zote."

"Na soda ukatia?"

"Kama siku zote."

Saa saba watu sitini wangeingia pale na sahani zao, na katika sufuria tulikuwa na gundi. Nilianza kumwomba radhi, nikamwona amekaa kwenye gunia lake la mchele, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Ni mimi," alisema akijifuta macho. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Miaka yote napika mawe, leo nimeletewa maharage ya kweli nikayapa adhabu ya mawe. Hata kukuambia sikukuambia! Haya ni mabichi, hayajaanikwa juani, wifi. Haya yanataka nusu saa, basi."

"Sasa tutafanya nini? Bila maharage hawatashiba. Watakung'uta sahani kwa hasira tu."

Akasimama. Macho yake nayaona hata leo.

"Kama tungekuwa tumeletewa na lori, tungefanya nini?"

"Tungesubiri Jumatatu."

"Na shamba liko wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua kamba ya aproni.

Nilichukua toroli la kubebea mbao, lile lenye gurudumu moja linalopiga kelele, nikapita nalo getini kama mwizi anayekimbia mchana. Mlinzi akanyanyuka. "We mama! Mbao hizo zinakwenda wapi?"

"Hakuna mbao! Nakwenda kuvuna!"

Dakika ishirini za wifi nilizifanya kumi. Kwenye reli toroli lilikwama, nikalibeba upande mmoja mgongoni, sijui nguvu zile zilitoka wapi. Mwalimu aliniona tangu mbali.

"Umekuja kurudia mtihani?" aliuliza.

Nilipomweleza hakucheka. Aliita majirani wawili, akaonyesha matuta yaliyobaki, akasema hakuna muda wa kuchuma ganda moja moja. Tuliyang'oa na mashina yake. Tukayarundika kwenye toroli, majani, mizizi, udongo na vyote, yakawa mlima wa kijani unaotembea. Nilirudi nikisukuma, sioni mbele, Mwalimu pembeni ananiongoza, "Kushoto, mwanangu. Sasa kulia. Shimo hilo!"

Tuliingia karakana wakati ule ule king'ora cha chai cha saa nne kinalia. Mashine zilizima, mafundi wakageuka, wakaona kichaka kinaingia mlangoni kwa miguu ya mwanamke.

Wifi alikuwa ameshapika boga na kupasua mapapai. Alipoona mlima ule alielewa mara moja kwamba sisi watatu hatungeweza kuumenya kwa wakati. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa mwiko mpaka masikio yakauma.

"Jamani! Leo chai si ya bure! Anayetaka kikombe alete vidole vyake hapa!"

Akageuza benchi mbili zikatazamana, akamwaga mashina katikati. Mafundi walisimama wakitazamana. Randa ndiye alianza, bila shaka.

"Dada, mimi nina cheti cha useremala. Cha kumenya sina."

"Basi mchana tutakukaangia hicho cheti, ukile na chumvi."

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pale vidole vilikuwa mia sita vimening'inia tu. Kisha Kereza, mume wangu, ambaye hapendi kutazamwa, alitoka nyuma ya mashine yake. Akakaa kwenye benchi mbele ya dada yake. Akachukua ganda, akalipasua kwa kidole gumba, punje tano zikaanguka kwenye beseni: ti, ti, ti, ti, ti.

"Hii si kazi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mchezo."

Kijana mmoja wa msasa akakaa. Wa vanishi wakasema hawawezi kushindwa na wa msasa, wakakaa upande wa pili. Baada ya hapo sijui nilichokiona. Maganda yaliruka hewani, beseni zililia kama mvua ya mawe, watu wanahesabu kwa sauti, "Msasa mmeishia wapi, mmelala?", "Nyie vanishi mnasubiri yakauke?" Na katikati yao, Randa. Alikuja kukaa mwisho kabisa, amekunja uso, na vidole vyake vilikwenda hata huvioni. Ganda halikukaa mkononi mwake muda wa kupepesa jicho.

Watu wakaacha kumenya wakamtazama.

"Mnatazama nini?" akafoka. "Mama yangu alinilea kwa kumenya maharage ya watu. Menyeni!"

Hakuna aliyemtania. Nadhani ndiyo siku pekee.

Meneja alisikia kelele, akaja. "Naona kiwanda kimegeuka shamba," alisema.

"Na wewe una vidole, Meneja," wifi akamjibu bila kuinua kichwa, na akamsogezea mashina mawili. Alimenya maganda manne, tai begani, akaenda zake akijinusa vidole.

Saa nne na nusu maharage yalikuwa jikoni, bila soda. Wifi alifunua kila baada ya dakika tano. "Sheria imefutwa," aliniambia. Alikaanga nyanya na vitunguu mpaka vikajikunja, akakwangua tangawizi, akamwagia maharage. Mwisho alikamua malimau sita, kisha akachota chumvi kiganjani, akaitazama, akairudisha nusu mkebeni. Akaniletea kijiko. Nilionja, nikampiga begani.

Saa saba waliingia.

Tulijaza sahani: wali, maharage, boga, mchicha, nusu yai, kipande cha papai. Soseji hazikuwepo, na niliona nyuso zikizitafuta. Wakakaa. Mimi nilijificha nyuma ya sufuria. Kisha nikasikia sauti ya Randa.

"Haya ni ya kwangu. Nayajua kwa sura."

"Acha uongo," wa vanishi akamjibu, "hiyo punje nimeimenya mimi, ina alama ya kucha yangu."

"Kama ni yako mbona nzuri?"

Ikawa vurugu. Kila mtu anadai punje zake, wanachungulia sahani za wenzao, wanakula huku wanabishana. Mtu wa kwanza alirudi na sahani kuomba tena maharage. Wa pili. Wa tano. Wifi aliwapakulia kwa furaha, na mimi chini ya meza nilikuwa namfinya paja kama wasichana wa shule.

Lakini nilimwona macho yake hayakuwa kwenye foleni ya watu. Alikuwa anatazama sahani moja tu.

Kereza alikuwa amemaliza wali, maharage na boga. Mchicha ameusukuma pembeni, kama afanyavyo tangu mtoto. Aliinuka, akaja kwenye ndoo. Akafika. Akainua sahani. Wifi alimkazia macho, mwiko mkononi.

"Dada, usinitazame hivyo," Kereza alisema.

"Sikutazami wewe. Natazama ndoo."

Akasimama pale sahani imeinama nusu. Nyuma yake watu wanne wanasubiri na sahani zao. Akamtazama dada yake, akautazama mstari wa penseli ndani ya ndoo, akashusha sahani. Akaukusanya mchicha wote kwa vidole vitatu, akautia mdomoni mbele ya kila mtu. Akatafuna. Akatafuna tena, taratibu, nyusi zimepanda.

"Kumbe una ladha," akasema.

Randa, aliyekuwa nyuma yake, akapiga kelele, "Mwanafunzi kafaulu!" Kantini nzima ikapiga meza.

Wifi aligeuka akajifanya anachochea moto. Jiko lilikuwa limezima kitambo.

Meneja alikuja wakati sahani zote zimeshawekwa. Akainama. Ndani ya ndoo yalikuwa maganda ya mayai, mbegu za papai, mabaki ya mchicha ya mtu fulani, na kijiko cha wali. Alitia futi kama anapima ubao, ingawa hata mtoto aliona. Vidole viwili. Alitoa karatasi ya mkataba mfukoni, akaichana mara mbili, akaidondosha humo humo ndooni.

"Sasa vimekuwa vidole viwili na nusu," alisema, na akamwambia wifi aandike mahitaji ya wiki ijayo.

Jioni Mama Kuku alifika na baiskeli yake. Alichungulia ndoo, akaishika kwa mikono yote miwili, akaitikisa.

"Mmewafanya nini kuku wangu?"

"Tuna maganda ya maharage, toroli zima," nikamwambia.

"Kuku si mbuzi, dada!" Lakini alikuwa anacheka, na wifi alimkumbatia yeye na ndoo pamoja, wakazunguka. Mwishowe alipewa pumba za yule jirani wa mchele, na kuku wake, mpaka leo, wamenona kuliko sisi.

Kereza aliendelea na dawa zake na mboga zake. Safari iliyofuata muuguzi alimpima mara moja tu, akaandika, akamwita mwingine. Wifi alinifanya nimweleze jambo hilo mara kumi, tena kwa vitendo, jinsi muuguzi alivyoandika na jinsi alivyosema "anayefuata". Sasa mpishi mkuu ni mimi. Mstari wa penseli umefifia kwa kuoshwa, nami huupitishia penseli upya kila mwanzo wa mwezi. Mume wangu bado anasukuma mchicha pembeni. Kisha anaula.

Kitu ninachotaka kukiandika vizuri kabla daftari halijaisha ni hiki. Siku ile, watu walipoondoka, tulikumbuka kwamba sisi wawili hatujala tangu alfajiri. Wifi akafunua sufuria ya maharage. Safi. Ya boga, safi. Hata papai hakuna. Mpishi kalisha watu sitini, yeye hana tonge.

Akaichukua sufuria ya wali, akaitazama chini, akatabasamu. Ukoko ulikuwepo, mwekundu, umeshika vizuri. Tulikaa sakafuni, miguu tumeinyoosha, sufuria katikati, tukaubandua kwa ule mwiko wa Kereza. Ulilia midomoni mwetu kama mbao kavu.

"Wifi," alisema mdomo umejaa, "Jumatatu maharage utayabandika saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Na soda?"

"Soda nitaoshea sufuria."

Akacheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni. Kisha akakivunja kipande cha mwisho vipande viwili, akavipima kwa macho, akanipa kikubwa mimi.